Tufe la Chuma Limeokotwa Mombasa: Utajuaje Kama Ni la Mzinga?

Mombasa imepigwa mizinga karne baada ya karne. Wareno waliushambulia mji 1505 na tena 1528, kisha wakajenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596. Waomani waliizingira ngome hiyo kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Januari 1875 meli za kivita za Uingereza ziliishambulia kwa makombora ili kumtoa al-Akida, mkuu wa ngome aliyemwasi Sultani wa Zanzibar na kujifungia ndani. Kwa hiyo fundi anayechimba msingi Kibokoni, au mvuvi anayekuta tufe la chuma maji yakipwa, ana haki ya kuuliza kama ameshika kipande cha historia.

Lakini mji huu una bandari, una reli, una viwanda vya saruji, shule zenye viwanja vya michezo, na mageti yaliyopambwa kwa vyuma. Vyote hivyo huacha matufe ya chuma, na hewa ya chumvi huyatia yote kutu ya rangi ile ile. Kwa macho matupu yanafanana. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata dalili: unaloliona kwenye tufe, linalosababisha, na la kufanya. Dalili ya kwanza usiiruke hata kama una haraka kiasi gani.

Lina tundu, au mahali palipozibwa

Anza hapa, kabla ya mizani, kabla ya brashi, kabla ya kumpigia mtu simu umuulize bei. Liangalie pale pale lilipo, pande zote unazoweza kuziona, bila kuligonga wala kulibiringisha. Unatafuta tundu la duara lenye upana wa sentimita 2 au 3 hivi, au alama ya duara iliyozibwa kwa mti, kwa shaba, au kwa kutu isiyofanana na kutu ya pembeni yake. Shaba ikiliwa na chumvi hugeuka kijani. Doa la kijani juu ya chuma liangalie mara mbili.

Kwenye tundu kama hilo ndiko ulikokaa utambi. Tufe la namna hiyo ni kombora: gamba la chuma lenye uwazi ndani, na uwazi ule ulijazwa baruti. Makombora ya duara yalitumika tangu zamani za ngome, na kufikia katikati ya karne ya 19 yalikuwa jambo la kawaida kwenye meli za kivita. Baruti nyeusi haipotezi nguvu kwa uzee. Iliyolowa inaweza kukauka, na iliyokauka inahitaji cheche moja tu. Februari 2008, huko Chester katika jimbo la Virginia, Marekani, mkusanyaji mwenye uzoefu wa miaka mingi aliuawa nyumbani kwake na kombora la miaka ya 1860 alilokuwa akilisafisha. Lilikuwa limeshapita miaka zaidi ya 140.

Ukiona tundu, acha kila kitu. Waondoe watoto, weka alama mahali hapo, toa ripoti polisi ili waje na wataalamu wao wa mabomu. Usilipakie kwenye tuktuk ukalipeleka kituoni. Waache waje wao. Na kama ulichokuta hakina umbo la duara bali kimechongoka kama risasi kubwa, hicho ni cha mizinga ya baadaye, na amri ni ile ile.

Yapo matundu yasiyo na hatari. Tundu linalotoboa kutoka upande mmoja hadi wa pili, ukiona mwanga ng'ambo, ni la pambo la geti au la kifaa cha nyavu za meli za uvuvi. Kata za skrubu ndani ya tundu, kwa upande mwingine, hazithibitishi lolote, maana makombora ya karne ya 19 nayo yaliweza kuwa na tundu la skrubu. Na kuna kovu la kusubia: doa bapa au lenye kibonde kidogo, mahali chuma cha moto kilipomiminwa kwenye kalibu. Kovu halina kina. Ukilazimika kuingiza msumari ili ujue kama lina kina, basi jibu umeshalipata: lichukulie kuwa tundu, na msumari uuweke chini.

Uzito haulingani na ukubwa

Kama tufe halina tundu, halina gamba la matumbawe, na ni dhahiri limetoka nchi kavu, sasa pima. Hapa ndipo maneno mengi ya barazani hukatwa, na vifaa vyake ni vya dukani: uzi usiovutika, rula, na mizani ya kuaminika. Zungusha uzi katikati ya tufe mara tatu, kila mara kwa upande tofauti, uchukue wastani. Huo ni mzingo. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo kwa sentimita. Zidisha kipenyo kwa chenyewe mara tatu, kisha zidisha jibu kwa 0.5236, hapo una ujazo. Mwisho gawanya uzito kwa gramu kwa ujazo huo.

Tuseme mzingo ni sentimita 35.3. Kipenyo ni 11.24, ujazo ni karibu sentimita za ujazo 743. Mizani inasoma kilo 5.3. Jibu ni 7.13, na namba hiyo ina maana kubwa kuliko kutu yote unayoiona.

Chuma cha kusubu, ambacho ndicho cha matufe ya mizinga, huangukia kwenye 7 na pointi chache. Ukipata 7.8 umeshika feleji, na tufe zito la feleji ni kitu cha viwanda vya kisasa. Ukipata 8 na nusu hiyo ni shaba nyeupe, chuma kinachopendwa kwa matufe ya michezo. Zaidi ya 11 ni madini ya risasi matupu. Ukipata 2 na nusu ni jiwe, na tafadhali usilitupe: mizinga ya zamani ilirusha matufe ya mawe pia, na jiwe lililochongwa duara kwa mkono ni la kuonyeshwa wataalamu.

Baada ya hapo linganisha na vipimo vya mizinga. Waingereza waliita mizinga yao kwa uzito wa tufe kwa ratili. La ratili 6 lina kilo 2.7 na kipenyo cha milimita 90 hivi. La ratili 9 lina kilo 4.1 na milimita 104. La 12 lina kilo 5.4 na milimita 113. La 18 lina kilo 8.2 na milimita 128, na la 24 lina kilo 10.9 na milimita 141. Tufe la mfano wetu linakaa karibu na la ratili 12. Ila ratili ya Mreno ilikuwa gramu 459 na ya Mfaransa ilikuwa karibu gramu 490, wakati ya Mwingereza ni 454, kwa hiyo tufe lisilokaa sawasawa kwenye orodha ya Kiingereza halijakataliwa. Na kwa kuwa kutu hula uzito, lipe kipenyo nafasi ya kwanza na uzito nafasi ya pili. Milimita mbili tatu zisikukoseshe usingizi. Wasubu wa zamani hawakuwa na mashine, na tufe lilitakiwa liwe dogo kuliko mdomo wa mzinga ili liingie bila kukwama.

Mitego miwili inanasa hata watu makini. Wa kwanza ni tufe la michezo la wanawake: kilo 4, kipenyo kati ya milimita 95 na 110. Tufe la mzinga la ratili 9 ni kilo 4.08. Tofauti ni gramu 80, na kutu inaweza kuifuta kabisa. Hapo mizani haikusaidii. Tafuta chembe za rangi ndani ya vishimo vya kutu, uso uliosawazishwa kwa mashine, na kizibo kidogo cha risasi ambacho kiwanda hutumia kurekebisha uzito. Lakini kizibo ni kizibo: mpaka uwe na hakika ni cha risasi na rangi ya michezo imeonekana, rudi kwenye dalili ya kwanza. La wanaume ni kilo 7.26, na hilo ni rahisi zaidi, kwani kwa Mwingereza hizo ni ratili 16, na mizinga yake ya kawaida iliruka kutoka 12 hadi 18.

Mtego wa pili ni tufe la kinu cha saruji. Ndani ya vinu hivyo mnazunguka maelfu ya matufe ya kusagia, na makubwa yake hufika milimita 90 na zaidi, sawa na tufe la ratili 6. Pwani yetu imesaga saruji tangu miaka ya 1950, na matufe yaliyochakaa hutoka na kusambaa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hapa mizani inakuokoa: tufe la feleji la milimita 90 lina karibu kilo 3, la mzinga lina kilo 2.7. Tena la kinu likitumika sana hupata nyuso bapa kwa kusuguana na wenzake. Tufe la mzinga halipati bapa za mpangilio huo.

Ni jepesi kupita kiasi

Hesabu imetoa 4 au 5. Dalili hii nataka tuikalie, kwa sababu ina sababu mbili zinazotoa namba ile ile, na moja kati yake inaua.

Sababu ya kwanza ni bahari. Chuma cha kusubu kikikaa majini miaka mingi, maji ya chumvi hukila chuma chenyewe na kuacha kaboni iliyokuwamo. Umbo linabaki, hata mstari wa kalibu unaonekana, lakini kilichobaki ni ganda laini la kaboni na kutu. Ukipitisha kidole kinatoka cheusi, kama umeshika ncha ya penseli, na kucha inaacha mkwaruzo. Tufe la namna hiyo linaweza kuwa limepoteza zaidi ya nusu ya uzito wake na bado likaonekana zima.

Sababu ya pili ni uwazi wa ndani. Kombora tupu au lenye baruti lina uzito wa kama thuluthi mbili za tufe gumu la ukubwa ule ule. Fanya hesabu: thuluthi mbili za 7.1 ni 4.7.

Kwa hiyo mtu hawezi kusema, "Limetoka baharini, ndiyo maana ni jepesi," akalala salama. Kombora nalo linaweza kutoka baharini. Na tufe la baharini mara nyingi limevikwa gamba la matumbawe, mchanga na makombe, na gamba hilo linaweza kuficha tundu la utambi. Gamba pia linaharibu hesabu yote, maana unapima chuma na mawe kwa pamoja. Usilivunje kwa nyundo ili uone. Tufe jepesi, na tufe lolote lenye gamba, ni kombora mpaka picha ya eksirei iseme vinginevyo. Kijana mmoja wa kupiga mbizi aliniuliza, "Ami, sasa na kama ni tupu, si nitakuwa nimewasumbua polisi bure?" Wasumbue.

Kuna mstari katikati, vishimo, na umbo lisilo kamili

Hizi ni dalili njema. Tufe la mzinga lilimiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vilipokutana palibaki mstari unaozunguka tufe zima. Mara nyingine ulipigwa tupa ukabaki kivuli tu. Shika tochi ubavuni, mwanga ulale juu ya chuma, na mstari utatokea. Kovu la kusubia mara nyingi liko juu ya mstari huo au karibu nao. Vishimo vidogo vya mapovu ya hewa navyo ni vya kawaida. Pima vipenyo vitatu tofauti: tofauti ya milimita moja au mbili ni ishara ya mkono wa binadamu. Tufe lenye vipenyo sawa kabisa kila upande, na uso laini kama kioo chini ya kutu, lilipita kwenye mashine.

Mstari peke yake hautoshi, kwani mapambo ya mageti nayo yalisubiwa kwenye kalibu. Mstari, kovu, jibu la 7.1 kwenye hesabu na kipenyo cha mzinga vikikutana, hapo una hoja.

Lina kutu nyingi, kwa hiyo ni la kale

Hapana. Acha nondo nje ya nyumba Likoni msimu mmoja wa kusi uone. Kutu ya pwani si cheti cha kuzaliwa. Unachoweza kuangalia ni namna ilivyokaa. Kutu ya miaka mingi ardhini huwa ya kahawia iliyokolea hadi nyeusi, ina tabaka, imeshikana na chembe za udongo na chokaa, na chini yake chuma kimeliwa kwa vina tofauti. Kutu iliyolazimishwa kwa chumvi na asidi huwa ya rangi ya chungwa, iko sawa kila mahali, inabaki kidoleni, na chini yake uso ni mzima. Tilia shaka zaidi tufe lenye mwaka uliochongwa, hasa mwaka maarufu. Wasubu hawakuwa na sababu ya kuandika 1696 juu ya kitu kinachokwenda kurushwa. Alama ya mshale mpana wa serikali ya Uingereza hupatikana kwenye baadhi ya matufe yao, lakini nayo huigwa.

Lilikuwa zima, sasa linapasuka na kutoa jasho

Tufe limetolewa baharini, limewekwa kabatini, na baada ya wiki chache linatoa matone ya kahawia, linapasuka, magamba yanaanguka. Sababu ni chumvi iliyozama ndani ya chuma: likikauka na kupata hewa, kutu ya ndani hufura na kulipasua. Matufe ya baharini yamewahi hata kupata joto mkononi baada ya kutolewa majini. Hapo msichanganye joto hilo na baruti, ila mkilihisi, wekeni chini muondoke. Hakuna anayelipwa kwa kubahatisha.

Vanishi na mafuta ya mashine hufungia chumvi ndani, na uharibifu unaendelea chini kwa chini. Tufe ambalo wataalamu wameshahakikisha ni gumu lote huhifadhiwa kwenye maji baridi ya bomba yanayobadilishwa, likiwa limezama lote, mpaka lifike kwa wahifadhi. Wao hutumia maji yenye chumvi za jamii ya magadi, kwa sababu maji ya namna hiyo huzuia kutu huku chumvi ya bahari ikitoka polepole. Usichukue magadi ya sokoni ukajaribu mwenyewe: magadi ghafi huja na chumvi ya kawaida ndani yake, na ndiyo hiyo hiyo unayotaka kuiondoa.

Muuzaji ana hadithi nzuri

Hadithi inayopendwa ni ya Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama 1697 mbele ya ngome wakati wa mazingiwa. Meli hiyo ilichimbuliwa kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake viko chini ya makumbusho. Mtu akikuuzia tufe "la ile meli", kuna mambo mawili tu: ama anasema uongo, ama anakuuzia kitu kilichoibwa. Karatasi yenye muhuri na neno "halisi" haibadilishi hilo. Karatasi yenye maana inasema tufe lilipatikana wapi, kina gani, lini, na nani, likiwa pamoja na vitu gani, na ina picha ya tufe kabla ya kuguswa.

Ndiyo maana ninasisitiza mahali. Chuma cha kusubu hakijabadilika vya kutosha kati ya 1600 na 1850 kwa mtu kulitazama tufe na kutaja mwaka. Mwaka hutoka kwenye udongo: vigae vya vyungu vilivyolala kando yake, ukuta uliolizuia, tabaka lililolifunika. Tufe lililokwama kwenye ukuta wa matumbawe wa Mji wa Kale linaweza kutueleza mzinga ulipigwa kutoka upande gani. Likishang'olewa na kuwekwa juu ya meza ya sebuleni, maelezo hayo hayarudi.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inataka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya bila kuchelewa, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Hili liwafikie pia wageni wanaonunua mitaani wakidhani wamepata kumbukumbu ya kufunga kwenye begi. Ofisi iko ndani ya Fort Jesus. Nenda na picha zilizopigwa kando ya rula, vipimo kama tufe halina tundu wala gamba, jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, na kina cha shimo. Tufe lenyewe liache lilipo, na shimo lisifukiwe mpaka waje.